Mchi, Tasbihi na Pumzi za Shaibu

Mume wangu Shaibu Mnyambe alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupenda kukaa chini ya maji kuliko juu ya nchi kavu. Pale kwetu Msimbati wavuvi wengine walikwenda baharini na nyavu, mishipi na madema, wakarudi na samaki wengi na maneno machache. Shaibu alikwenda na mkuki na miwani ya mti aliyochongewa Mikindani, vioo vyake vimegandishwa kwa lami, akarudi na samaki mmoja na hadithi isiyokwisha mpaka ugali upoe. Mimi, mkewe, Somoe binti Ismaili, nimezisikia hadithi hizo zote. Baadhi nimezisikia mara nne, na kila mara samaki ameongezeka unene.

Simsemi vibaya. Mkono wake ulikuwa na shabaha, na moyo wake haukuogopa kitu. Kilichompungukia ni pumzi. Ukimtazama, mtu mfupi mwenye kifua kipana kama mlango, ungedhani mle ndani mmehifadhiwa upepo wa mwezi mzima. Lakini tukipanda kile kilima kidogo cha kwenda shambani alisimama mara tatu, akijifanya anaitazama mikorosho. Nilikuwa nimeolewa naye mwaka wa nane kabla sijajua kwamba mikorosho haimpendezi hata kidogo.

Adui yake aliitwa Liwali. Upande wa Ruvula, siku za bamvua, maji yanapokupwa kuliko siku zote, unaweza kutembea kwa miguu juu ya mwamba mpaka ukingoni na kuchungulia kilindini. Chini ya ukingo huo palikuwa na pango, na ndani ya pango alikaa chewa mmoja mzee, mkubwa kama gunia la korosho. Watu walimpa jina la Liwali kwa sababu, kama liwali wa serikali, hakutoka nje hata siku moja, na kila alichokihitaji kilimfuata mlangoni. Shaibu alikwisha kumchoma mara tatu, na mara zote tatu Liwali alibaki na mkuki. Mikuki ile ilifuliwa kwa vipande vya nondo alivyookota Mtwara walipokuwa wakijenga gati, na kila ulipopotea mmoja nyumba yangu ilikuwa na matanga ya siku tatu.

Mlango wa pango ulikuwa mwembamba. Mtu huingia kichwa mbele, mabega yakipita kwa taabu, na akishaingia hawezi kugeuka. Kwa hiyo Shaibu alifungwa kamba ya usumba kwenye kifundo cha mguu, na mtu wa juu, aliyesimama ukingoni, ndiye aliyemvuta kumtoa. Zamani alama ya kuvuta ilikuwa kutikisa mguu. Lakini siku alipomchoma Liwali mara ya tatu, yule samaki alirukaruka, kamba ikatikisika, mtu wa juu akavuta, na Shaibu akatoka mikono mitupu, goti limechubuka. Hapo akaapa kwamba kutikisika si alama tena. Mtu wa juu atahesabu kwa tasbihi, Subhanallah moja kwa punje moja, na hesabu waliyokubaliana ikitimia ndipo avute. Kabla ya hapo asivute hata akiona nini.

Niliposikia sharti hilo nilimwambia kwamba hata mbuzi aliyefungwa kamba huruhusiwa kulia.

Huyo mtu wa juu alikuwa Salumu Kalembo, Myao wa kutoka Masasi. Alikuja Msimbati kununua samaki wakavu, akasema atakaa siku mbili, akakaa miaka kumi na mbili. Myao na Mmakonde, yaani sisi, ni watani. Aliingia nyumbani kwangu bila hodi, akafunua chungu bila kuuliza, akala, kisha akalalamika chumvi. Mimi sikuwa na ruhusa ya kukasirika, kwa kuwa utani ndivyo ulivyo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka, na anaweza kuchukua kuku wako ukamsindikiza. Na ukifa, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe la kukuchimbia kaburi, huku akiwafanyia waliofiwa mzaha mpaka machozi yao yachanganyike na kicheko.

"Kwenu mnachimbua panya mashimoni," alikuwa akimwambia Shaibu. "Sasa tabia ile ile umeihamishia baharini."

"Na wewe bahari umeiona una ndevu," Shaibu humjibu. "Siku ya kwanza uliuliza ni nani aliyetia chumvi."

Walipendana sana wale watu wawili, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka.

Basi, mwaka wa hamsini na nne, Ijumaa moja baada ya sala, Shaibu aliketi barazani kwa msikiti, akasahau kwamba ana mke mwenye akili wa kushauriana naye, akatangaza mbele ya watu kwamba Maulidi ya mwaka ule yataliwa kwa Liwali. Maulidi ya kijiji chetu yalipangwa siku ya kumi na nane ya mwezi wa mfungo sita, yaani siku za bamvua. Ilikuwa imebaki miezi mitatu. Watu wakamwombea dua. Nyumbani akanieleza habari hiyo kwa sauti ya chini, akitazama mikorosho isiyokuwepo.

"Pumzi utazitoa wapi, Baba Hamisa?" nikamwuliza.

"Zitafundishwa," akasema.

Akaanza kuzifundisha. Asubuhi hakula kitu mpaka atoke majini, kwa kuwa tumbo likijaa, alisema, pumzi hukosa pa kukaa. Ugoro akauacha, na siku tatu za mwanzo za kuacha ugoro nilimwomba Mungu amrudishie. Mchana alilala chali juu ya mkeka bila kusogea, akivuta pumzi polepole mpaka tumboni na kuzitoa polepole zaidi, ili moyo utulie. Hilo sikulipinga, maana kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu mtu yule alikuwa macho na hazungumzi.

Zoezi lililoleta fitina ni la kutembea. Alibana pumzi mlangoni kwetu akaenda hivyo hivyo kuelekea kisimani, akijaribu kila siku kufika mnazi mmoja mbele zaidi. Taabu ya kutembea umebana pumzi pale Msimbati ni kwamba kila hatua tano kuna mtu wa kusalimiana naye. Jirani yetu Bi Mwanakombo, mwanamke mtu mzima mwenye kutaka heshima yake yote bila kupunguziwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukutana naye.

"Shaibu mwanangu, umeamkaje?" akamwambia.

Shaibu akamtumbulia macho, mashavu yamejaa, akapita. Kesho yake vilevile. Akampita imamu, akampita baba yake mkubwa, akawapita watu wanaotoka kuzika, wote wakimtolea salamu naye akiwatolea macho. Siku ya nne wakaja kwangu wazee watatu na Bi Mwanakombo mbele yao, wakaketi mkekani, wakasafisha koo.

"Kama kuna tulilomkosea mumeo," akasema mkubwa wao, "tumekuja kuomba radhi. Na kama ni kiburi cha samaki ambaye bado hajamtoa, tumekuja kwa hilo pia."

Shaibu akatoka ndani akaeleza habari za pumzi mwanzo mpaka mwisho, akiapa kwa kila alichoweza kuapa. Wazee wakatazamana. Bi Mwanakombo ndiye aliyekata shauri.

"Basi ukibana pumzi, inua mkono," akasema. "Tujue wewe bado ni Mwislamu mwenzetu."

Kuanzia siku ile Shaibu alipita kijijini ameinua mkono, na kila aliyekutana naye akainua wake. Wanawake waliobeba ndoo kichwani waliinua ule usioshika ndoo. Mpaka hivi leo kuna watu wa Msimbati wanaomsalimu namna hiyo, na wengine wao hawajui ilikotoka.

Jioni ilikuwa zamu yangu. Alijaza maji kwenye karai, akaliweka karibu na kinu changu, akapiga magoti na kutumbukiza uso. Mimi nikitwanga makopa, ile mihogo mikavu, nilimhesabia, pigo moja la mchi hesabu moja. Siku ya kwanza alifika ishirini na nane akainuka akikohoa kama aliyemeza mwiba. Baada ya mwezi akafika thelathini na tisa. Niliona fahari, nasema kweli. Nilikuwa nikimsikiliza usiku jinsi anavyopumua, taratibu, nikafikiri labda mtu huyu kwa mara ya kwanza amesema jambo na litakuwa.

Kisha akaanza kurudi kutoka Ruvula na hesabu za ajabu. "Leo Salumu amenihesabia sabini," akasema. Juma lililofuata ikawa themanini na tano. Jioni ile ile nikamwekea karai, akatumbukiza uso, nikatwanga. Arobaini na mbili.

"Mchi wako mzito," akasema akijifuta uso. "Unatwanga kama mtu aliyeudhiwa."

"Natwanga kama mtu anayempikia mume asiyesikia."

"Bahari humbeba mtu, Mama Hamisa. Karai halimbebi mtu."

"Na tasbihi ya Myao nayo inambeba?"

"Tasbihi ni tasbihi. Ina punje tisini na tisa na imetoka Unguja."

Majuma mawili tuligombana hivyo. Nikitwanga upesi alisema nafanya haraka kumridhisha. Nikitwanga polepole alisema namnyonga. Nyumba ikagawanyika, upande wa mchi na upande wa tasbihi, na upande wa mchi nilikuwa peke yangu. Hata binti yetu Hamisa, aliyeolewa kijiji cha jirani, alikuja kututembelea akasema, mama, mwachie baba tasbihi yake, si dhambi. Siku tano kabla ya Maulidi Shaibu akarudi ameota pembe. Salumu alikuwa amemhesabia tisini na tisa, tasbihi nzima.

Nayasimulia haya nikicheka, lakini wakati ule niliogopa. Kaka yangu Mohamedi ndiye aliyemfundisha Shaibu kuzamia. Mwaka wa arobaini na saba Mohamedi aliingia majini hapo hapo Ruvula, peke yake, bila kamba na bila mtu wa juu, wakamleta nyumbani amefungwa ndani ya tanga. Nilimpenda kaka yangu kuliko watu wote duniani mpaka nilipoolewa na rafiki yake, na baada ya hapo niliwapenda sawasawa. Sikutaka kuona tanga la pili. Kwa hiyo kila Shaibu alipoingia pangoni nilijiambia kwamba safari hii kuna kamba na kuna Salumu, na hapo mkono wangu uliweza kuendelea na kazi.

Siku mbili kabla ya Maulidi zikaja habari kwamba kuna mzee wa Kimakonde amefariki Nanyamba, na Salumu, kama mtani, hakuweza kukosa. Akachukua jembe lake akaenda. Alisema atarudi kesho yake. Kesho yake hakurudi. Siku ya pili, siku ambayo jioni yake ndiyo Maulidi, kulipokucha bado hajaonekana. Maji yalikuwa yanatoka, na yangefika mwisho wake saa nne za asubuhi. Yakirudi, basi.

Shaibu akazunguka uani mara mbili, kisha akaenda kumwomba Maalim Muhidini.

Maalim Muhidini alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa haki kuliko wote niliowahi kuwajua. Akiokota embe njiani alitafuta mwembe ulioliangusha. Tena alikuwa mtu wa kutamka. Herufi haikutoka kinywani mwake mpaka imepewa haki yake yote, ndefu ikawa ndefu, nzito ikawa nzito. Tarawehe akisalisha yeye, watu walitoka msikitini na njaa ya daku. Akakubali kwa furaha kushika kamba, kwa heshima ya Maulidi, na akatoa tasbihi yake mwenyewe.

"Tisini na tisa, Maalim," Shaibu akamwambia mbele yangu. "Pungufu ya hapo usivute, hata kamba iruke."

"Nimekubali," akasema Maalim. "Ahadi ni deni kwa Mwenyezi Mungu."

Wakaenda zao. Mimi nikakaa kwenye kinu, na moyo wangu haukuwa na sababu ya kunisumbua, maana mkweli zaidi ya Maalim ningempata wapi.

Haukupita muda mrefu, Salumu akaingia uani, vumbi la Nanyamba limempanda mpaka nyusi, jembe begani. Akaliegemeza ukutani, akaenda moja kwa moja kwenye chungu.

"Nimewazikia babu yenu," akasema, mkono ukiwa tayari ndani ya mihogo. "Mzito yule. Mnakula nini nyinyi Wamakonde? Yuko wapi Mmakonde mwenzake?"

"Yuko Ruvula. Ameona huji, amemchukua Maalim Muhidini amshikie kamba."

Mkono wake ukasimama.

"Amemwambia ahesabu ngapi?"

"Tisini na tisa. Si ndizo mlizofikia juzi?"

Salumu akarudisha muhogo chunguni, akafunika kifuniko taratibu. Miaka kumi na mbili sikuwahi kumwona mtu yule akifunika chungu chenye chakula.

"Mama Hamisa," akasema, "mchi wako ndio wa kweli. Tasbihi yangu nilikuwa naruka punje."

Sikumwuliza kwa nini. Niliondoka mbio. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho upande wa Ruvula, na kutoka hapo mpaka ukingoni ni mwendo ambao ukitembea unamaliza kutafuna muhogo mmoja. Nilipita mbele ya Bi Mwanakombo nywele wazi, kanga mkononi, Salumu nyuma yangu akiita jina la Mungu. Baadaye Bi Mwanakombo aliwaambia watu kwamba aliponiona nakimbilia kwa mume wangu na mchi begani, yeye alisema moyoni, hatimaye. Mimi sikujua kwamba nimebeba mchi. Mwamba ule naujua, nimeuokotea pweza tangu utotoni, lakini siku ile ulinikata nyayo kama sijawahi kuukanyaga.

Maalim alikuwa amesimama ukingoni, maji ya magoti, kamba ameizungusha kiunoni mara mbili, macho amefumba. Tasbihi ilikuwa mkononi.

"Subhaaanallaaah," akasema. Punje moja ikashuka.

"Maalim, vuta," nikamwambia.

Akafumbua jicho moja, akainua kidole kuniashiria kwamba nisubiri, kwa kuwa hazungumzi na mtu katikati ya tasbihi.

"Subhaaanallaaah."

Nikautupa mchi, nikaishika kamba kwa mikono miwili. Salumu akaishika nyuma yangu. Tukavuta, na Maalim aliyekuwa katikati yake akazunguka kama pia ya watoto, mara mbili, kilemba kikaenda upande wake na yeye upande wake. Mwanzo kamba haikuja. Ilikaza kama iliyofungwa kwenye mwamba wenyewe, nami nikasikia kilio kinatoka, nikajua ni changu. Kisha ikalegea, ikaja kwa mikupuo, ukaonekana mguu, yakaonekana magoti, na mume wangu akatoka ndani ya maji kinyumenyume kama ndama anayezaliwa vibaya.

Uso wake ulikuwa wa majivu. Midomo imebadilika rangi, macho yamefumba nusu ndani ya ile miwani ya mti. Hakuwa akipumua. Nilimlaza ubavu, nikamng'oa ile miwani, na nilimchukia Liwali, na Maulidi, na bahari yote, na zaidi ya vyote nilijichukia mwenyewe kwa kutokuuamini mchi wangu.

Salumu akapiga magoti akaanza kumpiga mgongoni kwa kiganja, akimtukana kwa kila pigo. "Mmakonde, usinifanyie hivi. Mla panya wewe. Nimetoka kuzika jana, jembe langu bado lina udongo. Sikushiki tena mimi, sikuchimbii, utajichimbia mwenyewe." Machozi yalikuwa yakimchuruzika mpaka kidevuni, naye anatukana tu.

Shaibu akakohoa. Yakatoka maji, ikatoka sauti, kisha ikaingia pumzi moja, ndefu, ya kukwaruza, na hakuna ngoma wala zumari niliyoisikia maishani mwangu iliyokuwa tamu kama ile. Akakaa muda akitweta. Kisha akageuza shingo, akamtafuta Maalim kwa macho.

"Ngapi?" akauliza.

Maalim Muhidini, mwenye haki, akatazama tasbihi yake.

"Arobaini na moja," akasema. "Nilikatizwa."

Shaibu akafumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Salumu, akanitazama mimi, akautazama mchi uliolala juu ya mwamba.

Maulidi yalisomwa jioni ile, wali ukaliwa kwa pweza wa Bi Mwanakombo, na kila aliyeingia alimwinulia Shaibu mkono. Alikaa pembeni amejifunika shuka, akiinua wake. Asubuhi Salumu akaja. Alipiga hodi. Nilipomsikia anapiga hodi ndipo nilipojua jinsi alivyoumia.

Akaketi kizingitini, hakutazama hata chungu.

"Siku ya kwanza nilihesabu sawasawa," akamwambia Shaibu. "Ilifika thelathini na tatu, nikaona mguu umelegea, nikavuta. Ukaniuliza ngapi, na uso wako ulikuwa kama wa mtoto siku ya Idi. Nikasema hamsini. Kesho yake ukataka zaidi ya hamsini. Nikawa naruka punje mbili mbili, mwisho tatu tatu, nikitazama mguu wako tu. Tasbihi sikuwa naitazama."

"Ungeniambia."

"Ungetafuta mtu mwingine wa kushika kamba. Mtu mkweli."

Shaibu akalivuta shuka lake mpaka mabegani.

"Mwaka huu nimezika Wamakonde sita," Salumu akasema. "Wote niliwafanyia mzaha kaburini. Wewe nisingeweza."

Mtani hakasirikiwi, na Shaibu alikuwa amejaa hasira ambazo hakuwa na ruhusa nazo. Siku mbili alizibana kuliko alivyobana pumzi. Siku ya tatu akavaa kofia, akaenda kwa Salumu, akamkamata yule jogoo wake mweupe aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, akamleta kwapani mpaka kwangu na kumchinja. Nikampika kwa nazi. Kabla chungu hakijashuka Salumu aliingia bila hodi, akafunua kifuniko, akachukua mapaja yote mawili, akasema chumvi imezidi. Mambo yakaishia hapo.

Baada ya siku ile Shaibu alijifunza upya, safari hii kwa mchi. Hakuharakisha. Mwaka uliofuata alifika pigo la hamsini na tano, na mwaka wa hamsini na sita alifika sitini na nane, za kweli, nilizihesabu mwenyewe kwa makopa yangu. Kilima cha shambani alikipanda bila kusimama hata mara moja. Liwali hakutoka, lakini mkuki mmoja kati ya ile mitatu ulitoka, umeota magamba ya baharini, nao umetundikwa ukutani kwetu. Hadithi yake haiishi mpaka ugali upoe.

Mwaka wa hamsini na saba Salumu alirudi kwao Masasi kumwuguza mama yake. Aliniachia mimi kamba, na tasbihi ile ya Unguja. Hakuna aliyeshangaa kuniona ukingoni, kwa kuwa wanawake tuko juu ya mwamba ule kila bamvua na vijiti vyetu vya pweza. Tukakubaliana na Shaibu punje hamsini, kwa mwendo wa kawaida, si wa Salumu wala si wa Maalim. Nikamwapia kwamba mimi sitaruka hata punje moja.

Siku ya kwanza nilihesabu kwa haki. Kumi. Ishirini. Nilipofika ishirini na tano kamba ilikuwa imetulia mkononi mwangu, na maji yalikuwa yametulia juu ya pango kana kwamba hakuna mtu mle ndani, nikamkumbuka Mohamedi ndani ya lile tanga. Vidole vyangu vikaruka punje nne bila kuniuliza. Kisha vikaruka tano, na tena tano, mpaka hamsini ikatimia. Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Akatoka akitweta kidogo tu, akaivua miwani.

"Ngapi?" akauliza.

"Hamsini," nikasema.

Akanitazama. Maji yalikuwa yakimchuruzika usoni, sikuweza kujua anafikiri nini. "Alhamdulillahi," akasema, akaanza kufungua fundo la mguu.

Mpaka sasa nashika kamba, na kila mara ni hamsini. Karai lipo uani, kinu kipo, na kila jioni natwanga makopa kama kawaida. Tangu siku ile Shaibu hajaniomba tena nimhesabie kwa mchi.